Sabuni ya Viti vya Kitambaa vya Gari la Zamani: Tazama Kinachobaki Ikikauka

Wenye magari ya zamani wanaonilalamikia kuhusu viti vyao huleta kisa kilekile. Mtu amenunua povu la kopo, amepulizia, amesugua, amefuta, na kiti kimetakata kweli. Wiki chache baadaye, pale anapokalia na pale anapoegemeza kichwa pameanza kuwa peusi, tena peusi kuliko mwanzo. Analaumu vumbi, analaumu watoto, anapulizia tena. Safari hii uchafu unarudi upesi zaidi.

Watoto hawana hatia. Kinachomsumbua ni sabuni iliyobaki ndani ya kitambaa. Miongozo mingi itakueleza harufu, ukubwa wa chupa na nguvu ya kutoa madoa. Mimi nayaruka yote hayo, kwa sababu karibu kila sabuni ya dukani inatoa uchafu. Ninachotaka kujua ni hiki: maji yakishakauka, kinachobaki kikoje? Kila chembe ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Ukiiacha kitini, ule upande wa mafuta unaendelea kukamata jasho, mafuta ya ngozi na vumbi la nguo za kila anayeketi.

Kabla hujaipaka sabuni yoyote kwenye kiti, ipime. Ichanganye kwa kipimo cha kwenye chupa, mimina kijiko kimoja kwenye kisahani cha kioo, kiweke mahali pasipo na vumbi mpaka kikauke kabisa. Kisha pitisha kidole. Ukikuta unga au magamba yanayopukutika, vizuri: brashi na mashine ya kunyonya vumbi vitayatoa kitini. Ukikuta utando unaonata kama asali iliyomwagika mezani, basi utando huohuo ndio utakaobaki kati ya nyuzi za kiti chako.

Utaambiwa usuuze kwa maji mengi tu. Kwa kiti cha sponji tupu, nawe una mashine nzuri ya kunyonya, sawa. Lakini kabla sponji ya poliyurethani haijaenea, viti vilijazwa springi za chuma, nywele za farasi, pamba na magunia ya juti. Ukivilowesha, maji yanazama hadi chini na kukaa huko. Springi zinaota kutu. Na kiti kinapokauka, maji yanapanda juu kupitia kitambaa, yakibeba kutu pamoja na rangi ya kahawia ya juti na pamba kuukuu. Unaamka asubuhi kiti ulichokisafisha jana kina duara la kahawia ambalo halikuwapo. Ndiyo maana nasisitiza jambo hili kuliko jingine lolote: kiti cha zamani hakivumilii kusuuzwa sana, kwa hiyo sabuni yake lazima iwe ile isiyodai kusuuzwa sana.

Pia jua kitambaa chako. Magari mengi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yalivikwa sufu, au mohea, ile mahameli ya manyoya ya mbuzi wa Angora iliyotumika katika baadhi ya Ford Model A za 1928 hadi 1931. Sufu na mohea ni protini, sawa na nywele zako, na alkali kali huzila. Nailoni na poliesta za baadaye ni sugu zaidi. Kama huna hakika, chomoa uzi mmoja chini ya kiti, ushike kwa koleo na uuchome nje ya gari: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika, nailoni na poliesta zinayeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Sasa bidhaa zenyewe. Ya kwanza: Orvus WA Paste. Sifichi, hii ndiyo ninayoipenda na sioni ya kushindana nayo. Haina manukato wala rangi za kuremba. Kiini chake ni sodium lauryl sulfate, sabuni ambayo ikikauka inakuwa unga mkavu, na pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni ya katikati, si asidi wala alkali. Wahifadhi wa vitambaa vya kale huifulia mablanketi ya viraka ya zamani, na wafugaji huwaogeshea farasi na kondoo wa maonyesho. Kitu kinachofaa kwa manyoya yangali mwilini mwa kondoo kinanipa imani kwa sufu ya kiti.

Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu kinatosha. Pigapiga kwa mkono au kwa mchapo wa mayai mpaka povu lisimame, kisha tumia povu peke yake. Maji yabaki ndooni. Lichote kwa brashi laini, pitisha kwa kufuata ulalo wa manyoya, kipande kidogo kwa wakati, na ufute papo hapo kwa taulo jeupe lililokamuliwa sana. Taulo liwe jeupe, maana ndilo litakalokuonyesha uchafu unaotoka, na pia kama rangi ya kitambaa inatoka. Ikianza kutoka, acha mara moja. Anzia mahali pasipoonekana, na kabla ya yote nyonya vumbi taratibu, kwa sababu mchanga uliolowa ukisuguliwa hukata nyuzi.

Linaloniudhi kuhusu Orvus ni wauzaji. Mtengenezaji anaiuza kwenye dumu la kilo tatu na ushei. Wengine huihamishia kwenye vikopo vidogo, wanabandika picha ya kitambaa kizuri, na kwa kila gramu unalipa mara kadhaa ya bei ya dumu. Nunua dumu, mgawane na wenzako watatu. Litawatosha miaka.

Ya pili: mashine ndogo ya kupuliza na kunyonya, Bissell Little Green. Najua si sabuni, lakini ukiwa na pesa ya kitu cha pili, iende hapa. Chupa ya sabuni inayokuja nayo iache kabatini, weka maji matupu. Kazi yake ni kutoa mabaki ya sabuni zilizopakwa na wamiliki waliotangulia, na ukiona rangi ya maji kwenye tangi lake la uchafu utaelewa kwa nini napiga kelele. Kwa viti vya sponji itumie bila woga. Kwa viti vya nywele za farasi, puliza mara moja na unyonye mara tatu au nne, kisha acha milango wazi na feni ikivuma mpaka ndani kabisa pakauke.

Ya tatu: Folex, dawa ya kupulizia ya kutoa madoa. Ni nzuri kwa doa moja moja. Maelezo yake yanasema haihitaji kusuuzwa, na inafaa pale usipotaka kutengeneza ndoo nzima ya povu. Hata hivyo, ipime kwenye kisahani, na usiigeuze kuwa sabuni ya kiti kizima.

Ya nne: mapovu ya makopo. Yamo mazuri na mabaya, na kopo halikwambii lipi ni lipi. Kisahani kitakwambia.

Sabuni ya vyombo inanata na inatoa povu lisiloisha. Magadi yanajificha ndani ya pamba, na ni alkali. Vipite.

Dari ni habari nyingine kabisa. Ile iliyobandikwa kwa gundi juu ya sponji nyembamba usiiloweshe hata kwa Orvus: sponji ile huoza kwa umri na kuwa unga, na unyevu kidogo unatosha kuiangusha. Brashi kavu, basi.

Nirudi kwa wauzaji, maana hasira yangu haijaisha. Andika neno "klasiki" kwenye chupa ileile na bei inapanda, huku kibandiko hakitaji pH wala viambato. Kwa bahati, watengenezaji wengi wa kemikali huweka mtandaoni waraka wa usalama wa bidhaa. Utafute kabla hujalipa. Sehemu ya 3 inataja viambato vile vinavyolazimika kutajwa, na sehemu ya 9 ndiyo yenye pH. Kwa sufu na mohea nataka namba iliyo karibu na 7. Ikifika 10, chupa hiyo haiingii kwenye gari langu. Na kama waraka haupatikani, mwandikie muuzaji na kumdai, kisha usinunue mpaka ajibu.