Matembezi ya kambi ya Warumi Strasbourg: nyota tatu na nusu

Naishi Offenburg, Ujerumani, mwaka wa nne sasa, na Strasbourg ya Ufaransa kwangu ilikuwa mji wa kununua vitu tu. Treni hadi Kehl, kisha tramu D, na mto Rhine unauvuka kabla hujamaliza kusikiliza ujumbe mmoja wa sauti. Mdogo wangu alipokuja kunitembelea kutoka Mwanza akasema maduka ameyaacha mengi nyumbani, anataka historia. Nikakata tikiti mbili za matembezi ya miguu yanayochukua saa mbili, kwa Kiingereza. Mada: Argentorate, kambi ya jeshi iliyozaa mji.

Nianze na yaliyonikera. Mwongozaji alichelewa dakika 15 na hakuomba radhi. Tulikuwa watu karibu 30, na kile kidude cha sikioni nilichopewa kilikuwa kinakwaruza kama redio iliyoishiwa betri. Halafu nusu saa nzima tulisimama ndani ya kanisa kuu tukielezwa habari za saa yake ya ajabu. Ni nzuri, sikatai, lakini sicho nilicholipia.

Sasa utamu. Alitusimamisha pale Rue du Dôme inapokutana na Rue des Hallebardes, akatuambia tutazame mitaa na majengo tuyasahau. Mitaa hiyo miwili imenyooka na kukatana karibu kama msalaba, kwa sababu inafuata barabara kuu mbili za ndani ya kambi ya lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi. Kambi yenyewe ilikuwa na ukubwa wa hekta 19 hivi, na askari wa lejioni moja ni kama 5,000. Ukuta wake wa magharibi unafuatwa na Rue des Grandes-Arcades, ambako leo watu wanapita na mifuko ya ununuzi. Mdogo wangu, ambaye alipitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), alizunguka akitazama huku na huku, mwisho akasema, "Kaka, hapa ni kambini kabisa. Unaona mstari ulivyokaa?"

Mwaka wa kuanza wanautaja kuwa 12 KK, wakati Drusus, mtoto wa kambo wa Kaisari Augusto, alipokuwa akijenga ngome kando ya Rhine. Jina Argentorate lakini ni la Kikelti, si la Kilatini. Mwaka 1988 mji ulisherehekea kutimiza miaka 2000. (Ukipiga hesabu vizuri ilitakiwa iwe 1989, kwa sababu mwaka sifuri haupo. Nilimwambia mwongozaji, akacheka, akaendelea na safari.) Lejioni ya II Augusta ilikaa hapa mpaka mwaka 43 BK, ikahamishwa kwenda kuivamia Britania. Kuanzia mnamo mwaka 90 ikaja ya VIII Augusta, na hiyo ndiyo iliyoota mizizi. Nje ya kambi, upande wa Koenigshoffen, kulikua kijiji cha wafanyabiashara na mafundi. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuona geti la kambi yoyote ya jeshi kwetu: askari wakipata mshahara, mama ntilie hakosekani.

Makumbusho ya akiolojia yako chini ya ardhi, ndani ya kasri la Palais Rohan, jirani na kanisa kuu. Hayamo kwenye bei ya matembezi, na hilo hatukuambiwa wakati wa kukata tikiti. Tuliingia wenyewe, na kama ungeniuliza, hapo ndipo siku ilipolipa. Kuna vigae vya paa vyenye mhuri wa LEG VIII AVG, yaani ile lejioni ya VIII Augusta. Na kuna jiwe la kaburi la Caius Largennius, askari wa lejioni ya II, mwenyeji wa Lucca kule Italia. Alikufa akiwa na miaka 37, kumi na minane kati ya hiyo akiwa jeshini. Ina maana aliingia akiwa na 19. Mdogo wangu alihesabu kwa vidole, kisha akanyamaza muda mrefu mbele ya lile jiwe. Yeye naye alikwenda JKT akiwa na 19.

Vita ya mwaka 357, kiongozi wa Kirumi Julian alipowashinda Waalemani, watu wa makabila ya Kijerumani ya kale, chini ya mfalme wao Chnodomar, karibu na mji huu, mwongozaji aliisimulia kwa dakika mbili tu huku akitazama saa yake. Ammianus Marcellinus, mwanahistoria wa Kirumi wa zama hizo, anaandika kwamba Warumi walipoteza askari 243, na maadui 6,000. Takwimu za mshindi hizo, lakini kisa kilistahili muda ule uliopotelea kanisani.

Lililonishangaza zaidi lilitajwa njiani, kama neno la kupitisha. Mwaka 74, chini ya Kaisari Vespasian, Warumi walitengeneza barabara kutoka Argentorate, ikavuka Rhine na kupita bonde la Kinzig kuelekea Raetia, jimbo la Warumi upande wa milima ya Alps. Jiwe lake la kuhesabia maili lilipatikana wapi? Offenburg! Mimi kila asubuhi nakimbilia basi mji huohuo na sijui lolote.

Ukienda, vaa viatu vya kutembelea, kwa maana mawe ya mitaani hayana huruma. Tikiti za makumbusho zinunue mwenyewe, ama nenda Jumapili ya kwanza ya mwezi, kiingilio huwa bure. Kidude cha sikioni kijaribu kabla hamjaondoka. Mdogo wangu anataka kurudi kabla ya ndege yake ya Jumamosi, safari hii bila mwongozaji.