Tahadhari: tona "orijino" za nusu bei zinazoletwa mpaka mlangoni

Wenye steshenari, shule na ofisi ndogo hapa Dar, kuna vijana wanapita na tona (katriji za unga wa wino) za printa za HP LaserJet wakidai ni orijino zilizobaki kwenye tenda. Maneno yao ni yaleyale: "Bosi, tenda imekwisha, mzigo umebaki stoo, chukua hata mbili." Boksi ni la kweli kabisa, na hapo ndipo watu wanapigwa. Kilichomo ndani ni katriji iliyokwisha tumika, ikajazwa unga wa ajabu na kurudishwa kwenye boksi.

Niliyouziwa mimi ni 85A, ile inayoingia P1102 na M1132, printa ambazo steshenari nyingi bado zinaishi nazo. Bei 90,000, wakati dukani naipata kwa 200,000. Karatasi ya majaribio ikaonyesha wino umejaa, na kurasa za mwanzo zikatoka nyeusi tii. Rimu haijaisha, kila karatasi inatoka na ukungu wa kijivu na nukta nyeusi pembeni. Nikaweka rula: nukta inajirudia kila sentimita saba na nusu. Huo ndio mzunguko wa dramu ya katriji hii, yaani silinda inayobeba unga na kuuweka kwenye karatasi, kwa hiyo mkwaruzo mmoja juu ya dramu unajichapa kila inapogeuka. Dramu mpya inapata wapi mkwaruzo?

Tukaifungua na fundi. Pini za pembeni zina alama za bisibisi, na chumba cha taka kimejaa pomoni. Katriji inapofanya kazi, kuna wembe unaokwangua unga uliobaki kwenye dramu na kuusukuma kwenye kile chumba. Katriji kutoka kiwandani chumba hicho ni kitupu. Hii ilikuwa imeshakula kurasa zake kwa mtu mwingine, na aliyeijaza hata taka hakumwaga. Kuhusu wino kuonekana umejaa, hiyo ni kazi ya chipu, kibati kisichozidi ukucha, kinachouzwa chenyewe na kubandikwa kwa dakika moja.

Hasara ya katriji ni ndogo ukilinganisha na kinachofuata. Unga wa tona ni plastiki iliyosagwa na kuchanganywa na rangi. Fyuza inauyeyusha kwa joto la karibu nyuzi 200 ndipo unashika karatasi. Ukiwekewa unga wa printa nyingine, joto halilingani. Mwanafunzi mmoja alikuja na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo niliyomprintia asubuhi. Akapitisha kidole gumba kwenye jalada, jina la msimamizi wake likabaki kidoleni. Unga usioshika karatasi unagandia filamu ya fyuza, na filamu ikichanika jiandae kumlipa fundi.

Na sababu ya sisi kuwindwa ni hesabu. 85A imekadiriwa kurasa 1,600, lakini kwa ukurasa uliofunikwa na wino asilimia 5 tu, yaani kama barua fupi. Nani analeta barua fupi steshenari? Watu wanaleta kitambulisho cha NIDA kikuzwe, cheti chenye mandhari ya rangi, mtihani wenye michoro ya moyo na figo. Hata tukikubali hizo 1,600, tona ya 200,000 ni shilingi 125 kila ukurasa, bado karatasi, bado umeme, bado kodi ya fremu. Unaprinti kwa 200. Mtu akikuletea "orijino" kwa nusu bei, masikio lazima yasimame, naye anajua hivyo.

Tusichanganye mambo lakini. Fundi anayekujazia mbele ya macho yako, akamwaga taka, akabadilisha dramu na wembe na kukutajia bei ya kujaza, hana kosa lolote. Tona za Kichina zinazouzwa kwa jina lake na bei yake nazo ni biashara halali. Vilevile mwenye HP 107a mpya anayelalamika wino umekwisha haraka hajatapeliwa: printa inakuja na katriji ya kuanzia ya kurasa 500, na 106A kamili ni kurasa 1,000. Uchumi mbaya, ila umeandikwa kwenye maelezo yao. Modeli zenye herufi e mwishoni, kama M110we, ziliuzwa kwa sharti la intaneti na wino wa HP pekee. Steshenari ya kurefili ikae nazo mbali.

Sasa boksi wanalipata wapi? Kuna wanaozunguka maofisini wakinunua katriji tupu. Ukiwa nayo na boksi lake wanakupa hela nzuri, bila boksi bei inaporomoka. Mtu wa kurefili kwa haki, boksi la karatasi la nini? Kwa hiyo chana boksi kabla hujalitupa, na mwambie mhudumu wa ofisi asiliuze.

Ukinunua, usiishie kwenye lebo ya usalama ambayo alama zake zinacheza ukiinamisha boksi, kwa sababu hapa lebo ni halisi. Geuza boksi: langu lilifunguliwa upande wa chini na kugundishwa upya, gundi ina manjano. Ndani angalia utepe wa kuvuta wa rangi ya chungwa, na vibati vya pembeni vinavyogusana na printa visiwe vimesuguliwa. Dai risiti ya EFD. Mimi niliambiwa mashine ni mbovu, nikaandikiwa kikaratasi cha mkono kisicho na TIN.

Namba yake haipatikani tena. Katriji na boksi nimevihifadhi, navipeleka Tume ya Ushindani (FCC), maana ndio wanaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa. Aliyeuziwa na hao vijana asitupe boksi. Aandike hapa chini namba ya mfululizo tuone kama zinafanana, na ataje mtaa walikompitia.