Uyoga wa barabarani Iringa–Mafinga, nimeukubali

Jamani ukipita njia ya Iringa kwenda Mafinga kipindi cha mvua simama kwa wale kina mama wenye ndoo za uyoga, chukua ule wa njano wa porini, haulimwi shambani huo kwa sababu unategemea mizizi ya miti ya miombo. Harufu yake tamu kama tunda, nyama inatafunika haswa, kaanga na kitunguu na nyanya alafu malizia na karanga za kutwanga, ugali hautoshi!! Mchanga tu ndo mwingi, unajificha kwenye mikunjo ya chini, osha maji matatu. Ila mweupe wenye pete shingoni na kifuko kwenye shina msiokote wenyewe, kuchemsha hakutoi sumu yake. Wauzaji wakarimu sana, bei poa, nyota 5.