Treni ya Rameswaram: nenda usiku, rudi mchana

Tangu daraja jipya la Pamban lifunguliwe tarehe 6 Aprili 2025, treni zinafika tena Rameswaram kwenyewe, kule kisiwani, kusini-mashariki mwa jimbo la Tamil Nadu, India. Daraja la zamani, la mwaka 1914, liliacha kupitisha treni Desemba 2022, na kwa zaidi ya miaka miwili abiria walishushwa bara, Mandapam au Ramanathapuram, wakamalizia safari kwa barabara. Ukisoma mwongozo unaokuambia ushuke Mandapam, achana nao, umepitwa na wakati.

Huduma yenyewe, ya kutoka Chennai, mji mkuu wa jimbo, ni nzuri kwa bei yake. Kinachoamua kama utaifurahia ni mambo mawili: kuwa na kitanda kilichothibitishwa, na saa utakayovuka bahari.

Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika. Hekalu la Ramanathaswamy, la hapo Rameswaram, ni mojawapo ya vituo vinne vya Char Dham, hija kubwa ya Wahindu, pamoja na Badrinath, Puri na Dwarka, kwa hiyo treni hizi hujaa watu kutoka India nzima. Dirisha la kukata tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, bila kuhesabu siku ya safari. Mgeni anaweza kufungua akaunti ya IRCTC, tovuti ya tiketi za reli ya India, kwa namba ya simu ya nje, kwa ada ndogo. Fungua mapema, usisubiri siku ya kununua.

Soma hali ya tiketi kabla ya kulipa. CNF maana yake una kitanda. RAC maana yake unapanda, lakini mnaweza kugawana kitanda kimoja cha ubavuni watu wawili, mkikaa. WL ni foleni: orodha ya mwisho ikitoka bado uko WL, tiketi ya mtandaoni hujifuta, hela hurudishwa, na huruhusiwi kupanda behewa la vitanda. Watu wengi kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hufika Chennai kumsindikiza mgonjwa hospitalini, wakapata siku mbili tatu za nafasi na kuamua ghafla kwenda Rameswaram. Hao ndio wanaokwama, kwa sababu Tatkal, ile akiba ya tiketi inayofunguliwa siku moja kabla, tangu Julai 2025 haiuzwi mtandaoni kwa asiye na Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India. Asiye nacho aende mwenyewe na pasipoti kwenye ofisi ya kukatia tiketi stesheni. Siku za mwezi mwandamo za Thai Amavasai na Aadi Amavasai, watu wanapokuja kuwafanyia ibada wazee wao waliofariki, pamoja na Maha Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, usizitegemee kabisa kama hukununua wiki nyingi kabla.

Halafu angalia stesheni. Treni za kila siku za Rameswaram haziondoki Chennai Central. Huondoka Egmore (MS) au Tambaram (TBM), na Tambaram iko kusini, mbali kupita uwanja wa ndege. Saa za tiketi ni za mtindo wa saa 24: treni ya 00:15 tarehe 10 ni saa sita na robo ya usiku ule ulioanza jioni ya tarehe 9. Kosa hilo limewaachisha treni watu wenye akili zao timamu.

Kwa usiku, behewa la daraja la 3A, lenye vitanda vya ngazi tatu, linatosha. Kuna kiyoyozi, shuka, blanketi na mto, na kila sehemu ina vitanda 8: sita vinavyotazamana na viwili vya ubavuni. Kitanda cha kati hufunguliwa saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nje ya saa hizo, wa chini ana haki ya kukaa. Mzee au mwenye magoti mabovu mchukulie 2A, haina kitanda cha kati. Mrefu akwepe vitanda vya ubavuni, ni vifupi. Daraja la Sleeper ni rahisi zaidi lakini shuka unabeba mwenyewe.

Treni ya usiku inafaa kwenda kwa sababu inakufikisha alfajiri, na hekalu hufunguliwa saa 11. Kutoka stesheni ni mwendo mfupi wa bajaji. Patana bei kabla ya kupanda. Mahujaji huoga kwanza baharini, Agni Theertham, kisha huzunguka visima 22 ndani ya hekalu wakimwagiwa maji kwa ndoo. Beba nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji, kwani mwenye nguo mbichi haruhusiwi kuingia kwa mungu. Simu nayo inabaki nje. Asiye Mhindu huishia kwenye zile korido ndefu za nguzo, nazo peke yake zinatosha kumpeleka mtu.

Ubaya wa treni ya usiku ni kwamba unavuka daraja gizani, umelala. Hasara kubwa! Ni zaidi ya kilomita 2 juu ya bahari, na katikati kuna kipande cha mita 72.5 kinachopandishwa wima mita 17 meli ikipita, cha kwanza cha namna hiyo India. Kwa hiyo rudi na treni ya alasiri ya kwenda Tambaram, au ile ya abiria wa kawaida hadi Madurai, kama kilomita 160, ambayo haihitaji kuweka nafasi na nauli yake haifiki rupia 100. Kaa behewa lisilo na kiyoyozi: dirisha lina nondo tu, hakuna kioo chenye ukungu na vumbi. Usikae mlangoni, upepo wa pale si mchezo. Upepo ukizidi, treni husimamishwa. Kati ya Oktoba na Desemba, msimu wa mvua na vimbunga, usipange ndege usiku uleule unaorudi Chennai. Acha siku nzima katikati.

Ukiwa na muda wa Dhanushkodi, mji ulioangamizwa na kimbunga cha Desemba 1964, nenda mara tu baada ya ibada ya asubuhi. Hekalu hufungwa saa 7 mchana kwa muda, na ukichelewa hapo, treni ya alasiri itakuacha.