Shimo la moto kama la kambi ya safari nyuma ya nyumba: lipi ununue, lipi uliache dukani

Kitu ambacho muuzaji hatakwambia ni kwamba ule moto wa kambi ya safari haupendezi kwa sababu ya chombo. Angalia kambi za porini zilivyo, moto uko chini kabisa kwenye mchanga, viti vya turubai vimeuzunguka, kandili mbili tatu pembeni zenye mwanga hafifu, basi, na waongoza watalii wanauita televisheni ya porini maana mkishakaa pale kila mtu anaukodolea macho tu hata stori zikiisha. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujatoa hela ni hili: hiki ninachonunua, moto utakaa chini watu wauone pande zote, au utakuwa umefichwa ndani ya ndoo? Mimi nimepanga orodha yangu kwa kigezo hicho, halafu kudumu, halafu ndio mengine.

Namba moja, na wala sifikirii mara mbili, ni pete ya chuma nene isiyo na kitako. Unachimba shimo, unaizika nusu, basi. Tafuta unene wa milimita 3 kwenda juu, ukipata 5 au 6 hiyo utawarithisha watoto, upana wa ndani sentimita 90 mpaka 100, kimo kama 30. Za dukani zipo lakini fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kukukunjia bamba na kuliunga, na mara nyingi atakutolea kitu kinene kuliko cha dukani. Uzuri wa kukosa kitako ni kwamba maji ya mvua hayana pa kutuama, na vyombo hivi huwa vinaozea chini, sio pembeni. Chini mwaga kokoto sentimita 10 hadi 15 maji yanywee. Ukipata chuma cha Corten, kile kinachoota kutu ya juu halafu kutu yenyewe inageuka kama ngozi ya kukilinda, chukua, na ile rangi yake ya udongo mwekundu inakaa kisafari kwelikweli bila kupaka chochote.

Nje ya pete watu wanapenda kupanga mawe, na mimi pia, ila acha uwazi wa sentimita mbili tatu hivi maana chuma kikipata moto kinatanuka kinasukuma mawe. Na mawe yenyewe, jamani, usiokote ya mtoni. Mimi niliokota, yale ya mviringo yanayong'aa, nikayapanga kwa ndani kabisa yaguse moto, picha nzuri, nikaita watu. Kama nusu saa hivi likalia PAAA, kipande kikapita juu ya magoti ya shemeji yangu kikadondokea kwenye majani. Jiwe la mtoni linakuwa limenywa maji ndani, maji yakigeuka mvuke hayana pa kutokea, linapasuka. Shemeji mpaka leo anavuta kiti nyuma akija. Upande wa ndani unaogusa moto weka tofali za kuhimili moto, zile za kujengea tanuri, au acha chuma chenyewe kitoshe.

Namba mbili ni rimu la lori. Usicheke. Lile la inchi 22.5 lina upana wa kama sentimita 57, ni chuma kizito, lina matundu ya kupitisha hewa tayari na kwa makundi ya watu wanne watano linatosha kabisa. Ukilizika kidogo na kulizungushia mchanga hakuna atakayejua limetoka gereji. Nenda na sumaku mfukoni: ikinasa ni chuma, isiponasa hiyo ni aloi ya alumini, na alumini tupu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, aloi inaanza hata kabla ya hapo, moto wa kuni uliochochewa vizuri unafika huko. Kama lina rangi, lichome peke yake siku moja kabla, watu wakae mbali, ule moshi wa rangi sio wa kuvuta.

Tatu ni bakuli la chuma lenye miguu, na hapa ndio wengi wanapigwa. Linafaa sana kama umepanga nyumba au ua wako una sakafu, huwezi kuchimba. Shida ni unene. Ligonge kwa kidole: likilia kama sufuria liache hapohapo, likijibu kwa sauti nzito ongea bei. La kwangu la kwanza lilikuwa bati tu lililopakwa rangi nyeusi nikadanganyika na ule wavu wake wa kuzuia cheche, masika moja likatoboka kitako. Hakikisha lina tundu la kutolea maji au mfuniko, la sivyo kila mvua unapata supu ya majivu, na majivu yaliyolowa yanakula chuma haraka kuliko maji matupu. La chuma cha kumimina, kile kizito cheusi, linatunza joto vizuri sana ila usilimwagie maji baridi likiwa moto, linapasuka. Na usiliweke juu ya sakafu ya mbao.

Nne ni haya mapya yasiyotoa moshi, yana kuta mbili. Hewa inaingia chini, inapanda katikati ya kuta inapata joto, halafu inatokea kwenye vitundu vya juu na kuuchoma ule moshi kabla haujatoka. Inafanya kazi kweli, sio maneno ya biashara, ila inataka kuni kavu na usijaze kupita vile vitundu. Kama majirani wako wana maneno, nunua hili. Mimi nimeliweka la nne kwa sababu joto lake linaenda juu, uso unaota na miguu inaganda, na ukishakaa kwenye kiti unaona ncha za ndimi tu. Ndio ile ndoo niliyoisema.

La mwisho ni la gesi. Halina cheche, halina moshi, unawasha kwa kitufe, lakini halina harufu wala ule mlio wa kuni, sasa safari iko wapi? Ukiwa sehemu ambayo kuni zimekatazwa, sawa. Ila zingatia: gesi ya mtungi aina ya propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwa hiyo usiitumbukize kwenye shimo ulilochimba kwa ajili ya kuni, na boksi lake lazima liwe na matundu ya hewa upande wa chini.

Ambayo hayapo hata kwenye orodha: pipa la mafuta, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka fundi akianza kulikata. Ndoo na mabeseni ya mabati ya zinki, ile zinki ikiungua moshi wake unakupa homa. Kalvati la zege tupu nalo linabanduka vipande vipande.

Mahali pa kuweka: mita 3 kutoka nyumbani ndio kima cha chini, mimi nasema 6 au 7 kama ua unaruhusu, na juu kusiwe na matawi. Viti vifupi, kimo cha sentimita 40 hivi, maana kiti kirefu na moto wa chini haviongei. Kuni ziwe kavu, gonga mbili pamoja, zikilia kwa ukali ziko tayari, zikitoa sauti ya kufa rudisha. Mbao zilizotiwa dawa usichome kabisa. Halafu panga magogo kama nyota, vichwa vikutane katikati mikia imelala kwenye ukingo, kila yakipungua unasukuma kwa mguu bila kunyanyuka kitini, na hii ndio sababu nyingine nataka pete iwe imezikwa, kwenye bakuli la kina huwezi.

Kuzima, ukiacha lile bakuli la chuma cha kumimina, mwaga maji polepole, koroga na koleo, mwaga tena mpaka uweze kupitisha mkono karibu bila kuhisi joto. Mimi siku moja nilijifanya mjanja, asubuhi nikachota majivu nikaweka kwenye ndoo ya plastiki nikiona yamepoa kabisa, saa nne narudi nakuta ndoo haina kitako. Sasa hivi debe la chuma lenye mfuniko linakaa palepale pembeni ya shimo, na ndoo za jikoni nimepigwa marufuku kuzigusa.