TAHADHARI: Kuna mtu anawauzia waliopooza miguu "sindano ya seli shina"

Ndugu zangu mnaouguza wagonjwa wa uti wa mgongo, nawaomba msome hadi mwisho kabla hamjatuma hata shilingi.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kushuka chini hana hisia. Mwaka huu akatafutwa na mtu anayejiita wakala wa matibabu ya nje, aliyempata kwenye grupu la WhatsApp la watumiaji wa viti mwendo. Akasema ipo sindano ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), "teknolojia ya Kijapani", inachomwa mgongoni mara tatu, na ndani ya miezi sita mtu anatembea. Gharama milioni 38, kishika nafasi milioni 6. Nilipositasita akanitumia sauti: "Dada, usimnyime mdogo wako miguu kwa sababu ya hela." Anaongea polepole, kwa upole, kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani.

Tukachanga. Mama aliuza ng'ombe wawili. Mimi nikatoa hela ya mto maalumu wa kukalia na nauli za kwenda mazoezi ya viungo. Baada ya milioni 6 ikaja milioni 1.2 ya "barua ya hospitali", kisha simu ikawa haipatikani.

Kilichotuteka ni klipu. Mwanaume amefungwa mikanda mwilini, kamba zimeshuka kutoka darini, anapiga hatua moja moja. Tuliitazama sebuleni wote tukilia. Baadaye nikamwonyesha mtaalamu wa mazoezi, akaitambua papo hapo: ni ya Lausanne, Uswisi, kazi ya Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch, iliyotangazwa 2018. Hakuna sindano ya seli pale. Wale watu watatu waliwekewa vifaa vya umeme juu ya uti wa mgongo, wakafanya mazoezi makali kwa miezi. Tapeli alichukua ukweli wa watu wengine akaubandika kwenye biashara yake.

Na hiyo Japani aliyoitaja, utafiti upo kweli. Machi 2025 Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, kilitangaza matokeo ya wagonjwa 4 waliopandikizwa seli. Mmoja aliweza kusimama mwenyewe, mwingine akapata nafuu kiasi, wawili hawakubadilika sana. Lakini wote walipandikizwa kati ya wiki 2 na 4 tangu waumie! Mdogo wangu ana miaka mitatu tangu aumie. Halafu katika miezi ya mwanzo wapo wanaorudishiwa nguvu kidogo hata bila seli, ndiyo maana wanasayansi wenyewe wanasema watu wanne hawatoshi kuthibitisha kitu. Kwa hiyo mtu akikuletea ushuhuda wa "fulani alipona", muulize kwanza: aliumia lini, na uti ulikatika kabisa au ulijeruhiwa tu? Wakala wetu nilimuuliza hilo mwishoni kabisa. Akajibu, "Imani ndiyo dawa, dada."

Msidhani hasara ni ya hela tu. Yupo mwanamke Mmarekani aliyepandikizwa tishu za puani mgongoni huko Ureno, miaka mitatu baada ya ajali. Miaka 8 baadaye akaanza kuumwa mgongo, alipopasuliwa akakutwa na uvimbe wenye tishu za pua, unatoa ute kama kamasi. Madaktari waliandika habari yake 2014. Na huko alikotibiwa palikuwa hospitalini, kwenye utafiti. Sasa fikiria chumba ambacho hata jina la daktari hupewi.

Wakala wetu hakutaja daktari hata siku moja. Hakuomba picha za MRI (kipimo kinachoonyesha uti wa mgongo kwa ndani). Alitaka hela iende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, tena "kabla ya Ijumaa, nafasi zimebaki mbili". Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa hela ya dawa inayojaribiwa, na hukubali mgonjwa baada ya kumpima. Ukiletewa habari ya namna hii, ipeleke kwa daktari wa mifupa na mishipa ya fahamu anayemjua mgonjwa wako, MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili au KCMC Moshi, hata kama wakala atakwambia madaktari wa hapa wana wivu. Wetu alituambia hivyo.

Wakati tukisubiri safari, mdogo wangu alikaa wiki nyingi bila mto na bila mazoezi. Akatoka kidonda kwenye kalio. Hakukihisi. Mama ndiye aliyeona doa kwenye shuka asubuhi, na kilipofunuliwa kilikuwa na shimo linaloingia ncha ya kidole gumba. Mpaka leo tunakisafisha kila siku. Mdogo wangu bado anafuatilia habari za Lausanne kwenye simu, na simkatazi.

Kama umeshatuma hela, usifute meseji wala sauti hata moja. Piga simu mtandao wako dakika hiyo hiyo waombe kuzuia muamala, tuma namba ya tapeli kwenda 15040 (namba ya kuripoti matapeli wa simu), kisha nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako kituoni). Sisi kwa aibu tulikwenda siku ya tisa, tukakuta hela imeshatolewa yote.