Paa linavuja Mtwara: ununue nini kwanza, nini uache dukani

Nilianza na ndoo ya rangi. Ukuta wa chumba cha watoto, hapa Shangani, ulikuwa na doa la kahawia, nikalifunika, na mvua za Januari zikalirudisha pamoja na malengelenge. Ndiyo maana orodha hii inaanzia juu ya paa. Ukutani tutafika baadaye.

Namba moja naiweka skrubu za kuezekea zenye washa ya mpira. Ni kitu kidogo, lakini paa la bati mara nyingi huvujia kwenye matundu ya misumari: kofia imeshika kutu, au jua limekausha raba ikapasuka. Fundi ang'oe msumari mbovu, aweke skrubu nene kuliko tundu lenyewe, na aipige kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanapopita. Akikaza mno, raba inabonyea na kuchanika, kwa hiyo simama naye.

La pili ni bati jipya, pale la zamani lilipoliwa. Hapa usibane pesa. Hewa ya bahari ina chumvi, na bati la zinki tupu huchakaa upesi. Lenye mchanganyiko wa alumini na zinki linavumilia zaidi. Kumbuka geji, yaani namba ya unene wa bati, huenda kinyume: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mimi kwa nyumba ya pwani 32 siigusi. Bati la juu lilalie la chini sentimeta 15 hadi 20, na ubavuni mdomo wa maungio uupe mgongo upepo wa kaskazi, maana ndio unaokuja na mvua zetu za Desemba hadi Machi. Waliopitiwa na Kimbunga Hidaya Mei 2024 huko Kilwa wanajua upepo unavyosukuma maji chini ya bati lililolazwa vibaya.

Nafasi ya tatu ni utepe wa lami wenye mgongo wa foili. Unafaa kwenye nyufa, chini ya kofia ya paa na pale bati linapokutana na ukuta. Kwangua kutu kwanza, pafute, pakauke kabisa, la sivyo utabanduka.

Silikoni ya kuzibia naiweka ya nne, na kwa sharti: ile inayonuka kama siki huila zinki, hivyo muulize muuzaji isiyo na asidi. Ya mwisho ni saruji. Naiona kwenye mapaa mengi na inaniumiza, kwa sababu bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, saruji ikapasuka, na magadi yake yakaendelea kulitafuna bati.

Sasa ukuta. Paa likishanyamaza, bomoa lipu iliyolegea na usugue ule unga mweupe wa chumvi kwa brashi kavu. Ukiuosha, chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Kisha subiri, ukuta ulioloa hukauka kwa wiki kadhaa. Kuupima, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe kwenye kingo zake zote nne, ukiache siku nzima. Ukikuta matone kwa ndani, rangi ibaki dukani.

Kwa lipu mpya ya nyumba ya matofali, saruji na mchanga wa shimoni uliooshwa vinatosha. Mchanga wa ufukweni usikubali hata ukipewa bure: chumvi yake huvuta unyevu kila mwaka. Nyumba za zamani za Mikindani, za mawe ya matumbawe, zinataka chokaa, kwani inauruhusu ukuta kupumua. Saruji hufungia maji ndani. Baada ya hapo chagua emulsheni, yaani rangi ya maji. Rangi ya mafuta ni nzuri machoni, ila juu ya ukuta wenye unyevu huumuka. Jipsamu ya kusawazishia weka tu mahali una hakika maji hayatarudi.

Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba na Novemba, mvua ikiwa mlangoni, na hapo mafundi wote wanagombaniwa. Ukiweza, skrubu na bati nunua tangu Agosti. Silingibodi nunua mwisho kabisa, mvua kubwa moja ikishapita na beseni la chini ya tundu likabaki kavu.